Nairobi hadi New York: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Umbali na Saa za Safari

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wasafiri wa Afrika Mashariki huuliza tena na tena wanapojiandaa kwenda New York, au wanapomngoja ndugu anayerudi kutoka huko. Ratiba za ndege hubadilika kila msimu, kwa hiyo saa zilizotajwa hapa ni za kukusaidia kupanga. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi yako ndiyo ya kufuata.

## Mambo ya msingi

Kutoka Nairobi hadi New York ni kilomita ngapi?

Ni takriban kilomita 11,840 kwa njia ya anga, ukipima kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA, alama yake NBO) hadi uwanja wa John F. Kennedy (JFK). Kwa maili za nchi kavu ni kama 7,350. Kwa maili za baharini, ambazo ndizo marubani hutumia, ni kama 6,390. Mzingo wa dunia ni kilomita 40,000 hivi, kwa hiyo safari hii moja inakula karibu asilimia 30 ya mzunguko wote.

Hiyo ni njia fupi kuliko zote. Ndege yenyewe huruka zaidi kidogo, kwa sababu hufuata njia zilizopangwa, hukwepa dhoruba na anga zilizofungwa, na huzunguka kabla ya kutua. Ukiona programu ya simu inaonyesha kilomita 12,000 na ushei, hakuna aliyekosea.

Ndege huchukua saa ngapi?

Kwenda New York bila kutua njiani, tegemea saa 14 na nusu hivi, na siku nyingine zifike 15. Kurudi Nairobi ni kati ya saa 13 na 14. Saa hizo huanza mlango wa ndege unapofungwa na huisha unapofunguliwa, kwa hiyo ndani yake mna dakika za kutambaa ardhini pande zote mbili. JFK ni uwanja wenye msongamano mkubwa, na si ajabu kukaa nusu saa kwenye foleni ya kuruka.

Kwa nini kwenda na kurudi hakulingani ni jambo linalohitaji maelezo marefu. Limejibiwa katika sehemu inayofuata.

Je, kuna ndege ya moja kwa moja?

Ndiyo. Kenya Airways ilianza safari hiyo tarehe 28 Oktoba 2018 kwa ndege ya Boeing 787-8 Dreamliner yenye viti 234. Kabla ya hapo Kenya ilipaswa kuthibitishwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani kwamba usimamizi wake wa usalama unafikia viwango vya kimataifa, na ithibati hiyo ilipatikana Februari 2017. Safari zilisimama mwaka 2020 wakati wa corona, kisha zikarejea.

Idadi ya safari kwa wiki hupanda na kushuka kulingana na msimu. Siku unayotaka wewe inaweza isiwe na ndege, na hapo ndipo watu wengi huishia kupitia Ghuba au Ulaya.

Tofauti ya saa kati ya miji hii ni ipi?

Nairobi iko mbele kwa saa 7 au 8. Afrika Mashariki hatubadili saa mwaka mzima, lakini New York husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kati ya Machi na Novemba tofauti ni saa 7. Miezi iliyobaki, yaani kipindi cha baridi, ni saa 8.

Dar es Salaam, Kampala na Mombasa zinatumia saa moja na Nairobi. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ziko nyuma yetu kwa saa moja, hivyo tofauti yao na New York ni saa 6 au 7. Walioko Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, kwao ni 8 au 9.

## Njia, upepo na uzito

Kwa nini kwenda ni kurefu kuliko kurudi wakati umbali ni uleule?

Kwa sababu ya upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, kwenye kimo cha kilomita 10 hadi 12, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Unapokwenda New York unapigana nayo. Unaporudi, inakusukuma.

Hebu tazama hesabu. Dreamliner hukata anga kwa takriban kilomita 900 kwa saa. Kama pasingekuwa na upepo kabisa, kilomita 11,840 zingeisha kwa saa 13 na dakika chache hewani. Upepo wa mbele ukikupunguzia wastani wa kilomita 50 kwa saa katika safari nzima, unaongeza karibu dakika 45. Upepo huohuo ukiwa nyuma yako unakuokolea muda unaokaribia huo. Ongeza dakika za ardhini, na utaona kwa nini ratiba za kwenda na kurudi zinapishana.

Mikondo hiyo huwa na nguvu zaidi wakati wa baridi ya kaskazini, kuanzia Desemba hadi Februari. Ndiyo maana anayekwenda New York Januari anaweza kukaa ndani ya ndege kwa muda mrefu kuliko aliyekwenda Julai, wote wakiwa wamepita njia moja.

Nimesikia kwamba dunia huzunguka chini ya ndege na hivyo kuipunguzia safari. Ni kweli?

Hapana. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hewa hiyo. Ingekuwa kweli, safari ya kwenda magharibi ndiyo ingekuwa fupi, na tunaona ni kinyume chake.

Kwa nini ramani ya kwenye kiti inaonyesha tunaelekea Sahara badala ya kukata magharibi moja kwa moja?

Swali hili huwatia watu wasiwasi usiku, wakidhani rubani amepotea. Ramani bapa ya ukutani hudanganya. Ukipiga mstari juu yake kwa rula kutoka Nairobi hadi New York, mstari utapita kaskazini mwa Kongo, Nigeria, Mali na Mauritania, kisha katikati ya Atlantiki. Chukua tufe, au hata chungwa, uvute uzi kati ya pointi hizo mbili hadi ukaze, na uzi wenyewe utapanda kaskazini.

Njia fupi huanza Nairobi kwa kuelekea kaskazini-magharibi. Hupita Sudan Kusini, pembeni mwa Darfur nchini Sudan, Chad, Niger, kusini mwa Algeria na Morocco, kisha hutoka baharini. Katikati ya Atlantiki hupita karibu na visiwa vya Azores vya Ureno, na kutoka hapo huelekea pwani ya Marekani. Sehemu ya kwanza ya usiku wako, basi, ni jangwa. Ukichungulia dirishani na kuona giza tupu lisilo na taa hata moja kwa saa nyingi, hiyo ni Sahara, na bahari bado.

Je, vita na migogoro hubadilisha njia?

Ndiyo, na hubadilisha saa pia. Anga ya Sudan ilifungwa kwa ndege za kiraia vita vilipoanza Aprili 2023. Mwaka huohuo Niger ilifunga anga yake baada ya mapinduzi ya Julai, ikaifungua tena Septemba. Ukitazama tena njia iliyoelezwa katika swali lililotangulia, utaona nchi zote mbili zimo. Ndege hulazimika kupinda, na kila kilomita 100 za kupinda huongeza takriban dakika 7.

Abiria huwa hatangaziwi jambo hili. Anachokiona ni saa ya kufika iliyosogezwa kwenye tiketi.

Kwa nini ndege ya moja kwa moja huondoka Nairobi usiku?

Kuna sababu mbili, na moja haizungumzwi sana. Ya kwanza ni ya kibiashara. Ukiondoka usiku unafika New York asubuhi, na mwenye safari ya kuendelea Boston, Minneapolis au Dallas anapata ndege ya siku hiyohiyo.

Ya pili ni hewa ya Nairobi. JKIA iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, injini husukuma kwa nguvu ndogo na mabawa hubeba kidogo, kwa hiyo ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Jua la mchana huifanya hewa iwe nyepesi zaidi. Usiku hewa hupoa na kuwa nzito, na ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 hunyanyuka kwa nafuu. Njia ya kurukia ya JKIA ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, na bado kila nyuzi ya joto huhesabiwa.

Wakati wa kurudi taabu hiyo haipo. JFK iko mita chache tu juu ya bahari, kwa hiyo ndege inaweza kuondoka hata saa sita mchana.

Ina maana ndege haiwezi kujaza abiria na mizigo yote?

Wakati mwingine ndivyo. Boeing inasema 787-8 inaweza kuruka hadi kilomita 13,530, ambazo ni zaidi ya umbali wetu. Lakini takwimu hiyo haizingatii kuondoka kwenye uwanja wa juu wala kupambana na upepo. Vitu hivyo vikikutana siku moja, kampuni hupunguza mizigo, na mara chache viti.

Uwanja wa Addis Ababa uko juu zaidi ya wetu, zaidi ya mita 2,300. Ndiyo maana kwa miaka mingi ndege za kutoka Addis kwenda Marekani zimekuwa zikitua njiani kuongeza mafuta. Ukinunua tiketi ya kupitia huko, angalia kama kuna kituo cha namna hiyo, maana huongeza saa moja au zaidi bila wewe kushuka.

## Kusoma tiketi

Nifanyeje kujua saa halisi za safari kutoka kwenye tiketi?

Usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika. Tiketi huandika saa ya mahali husika, ya Nairobi kwa kuondoka na ya New York kwa kufika. Njia salama ni kupeleka zote mbili kwenye saa ya dunia (UTC), kisha utoe.

Mfano wa Januari: unaondoka Nairobi Jumatatu 23:30 na kufika JFK Jumanne 06:00. Nairobi toa saa 3, unapata 20:30 UTC. New York ongeza saa 5, unapata 11:00 UTC. Kutoka 20:30 hadi 11:00 ya kesho yake ni saa 14 na nusu. Kwa mtu anayetazama tiketi tu, ilionekana kama saa 6 na nusu.

Kurudi: unaondoka JFK Jumatano 12:30 na kufika Nairobi Alhamisi 10:30. Hiyo ni 17:30 UTC hadi 07:30 UTC, saa 14 kamili. Kwenye tiketi ilionekana kama saa 22. Wakati wa kiangazi cha New York unaongeza saa 4 badala ya 5.

Tiketi yangu inasema 00:30 tarehe 15. Niende uwanjani lini?

Nenda jioni ya tarehe 14. Huu ndio mtego unaowaumiza watu wetu kuliko mwingine wowote, na ninausisitiza kwa sababu tiketi iliyopotea hivi hairudi kirahisi. Kwa mazoea yetu saa sita na nusu usiku ni mwendelezo wa siku iliyokwisha, kwa hiyo mtu hujiandaa tarehe 15 mchana, huaga jamaa jioni, na kufika uwanjani ndege ikiwa imeondoka karibu saa 24 zilizopita.

Mwandikie anayekusindikiza hivi: "Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15, tuwe uwanjani saa tatu usiku." Sentensi hiyo haina njia mbili za kueleweka.

Saa za tiketi nizisome vipi kwa Kiswahili?

Tiketi hutumia saa 24 zinazoanza usiku wa manane. 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, 12:30 ni saa sita na nusu mchana, 23:30 ni saa tano na nusu usiku. Kwa mzee asiyezoea, andika zote mbili kwenye karatasi moja: "23:30, yaani saa tano na nusu usiku." Fanya hivyo hasa kama atapokelewa na mtu aliyekulia Marekani, kwa kuwa "saa kumi na mbili" inaweza kumfikia kama 12:00.

Kwa nini ndege yangu ya Novemba imebadilika kwa saa moja?

Huenda haikubadilika. New York ndiyo iliyobadili saa yake (tazama swali la tofauti ya saa). Kampuni nyingine hushikilia saa ya Nairobi na kuacha ya New York isogee, na nyingine hufanya kinyume. Aliyenunua tiketi mapema na anasafiri karibu na siku hizo aifungue tena wiki moja kabla.

## Kupitia nchi nyingine

Kupitia Doha au Amsterdam huongeza umbali kiasi gani?

Majibu ya miji hii miwili yanapishana sana. Nairobi hadi Doha ni kama kilomita 3,350, na Doha hadi JFK ni kama 10,800. Jumla inazidi 14,100, yaani kilomita 2,300 zaidi ya njia ya moja kwa moja. Unakwenda mashariki kwanza, kisha unarudi magharibi.

Amsterdam iko karibu na njia. Nairobi hadi Amsterdam ni kama kilomita 6,680, na kutoka hapo hadi JFK ni kama 5,850. Jumla ni 12,530 hivi, ziada ya kilomita 700 tu, ambazo angani ni chini ya saa moja.

Kwa hiyo anayepitia Ulaya hupoteza muda mwingi ardhini kuliko angani. Tiketi ya Ulaya yenye saa 2 za kungoja inaweza kukufikisha baada ya saa 18 hadi 19 tangu uondoke Nairobi. Tiketi hiyohiyo ikiwa na saa 11 za kungoja ni safari nyingine kabisa. Unapolinganisha bei, linganisha jumla ya saa kutoka mlango hadi mlango, na usitishwe na urefu wa mstari kwenye ramani.

Natoka Dar es Salaam. Je, kupitia Nairobi ni kuzunguka?

La hasha. Njia fupi kutoka Dar hadi JFK ni kama kilomita 12,440. Ukipitia Nairobi unaruka kama 665 hadi JKIA, kisha 11,840, jumla 12,505. Tofauti ni chini ya kilomita 100, kwa kuwa Nairobi iko karibu kabisa njiani. Kwa anayetoka Zanzibar hali ni ileile kwa kukaribia.

Kinachoamua ni kama ndege ya Dar inafika Nairobi jioni ileile ya safari ya New York. Ikikulazimu kulala Nairobi, basi Doha, Dubai, Istanbul au Amsterdam zinaweza kukufikisha mapema. Anayetoka Entebbe, Kigali au Bujumbura aangalie pia Brussels.

Nikiwa na tiketi mbili tofauti, muda gani unatosha kubadilisha ndege?

Ukiwa na tiketi moja inayojumuisha safari zote, kampuni inawajibika kukusafirisha ukikosa ndege ya pili kwa kuchelewa kwao. Ukiwa na tiketi mbili ulizonunua mbalimbali, ndege ya pili haina habari nawe. Utachukua mizigo, utapita uhamiaji, na utajisajili upya kwenye kaunta. Nafuu ya bei inayopatikana hivyo haiwafai wazee wala wenye watoto. Kama hakuna budi, acha saa 6 au ulale mjini.

Nahitaji viza ya kupitia tu uwanjani?

Inategemea pasi yako na nchi unayopitia. Nchi za Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja) zina orodha ya pamoja ya mataifa ambayo raia wake huhitaji viza ya transiti ya uwanjani, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Somalia, Ethiopia na Eritrea zimo. Mwenye viza halali ya Marekani husamehewa. Uingereza ina orodha yake tofauti na ndefu zaidi. Uliza ubalozi wa nchi unayopitia kabla ya kulipa, maana kaunta ya Nairobi ndiyo itakayokuzuia.

Ninaendelea hadi mji mwingine Marekani. Nipange saa ngapi JFK?

Panga saa 3 au zaidi. Marekani haina transiti ya kupita bila kuingia. Uwanja wa kwanza unaotua ndipo unapopita uhamiaji, unachukua mizigo, unapita forodha, kisha unaikabidhi tena, hata kama begi limeandikwa Dallas. Foleni ya uhamiaji asubuhi inaweza kuwa ya dakika 20 au ya saa mbili.

Kuna njia ya kukwepa hilo. Abu Dhabi ina kituo cha uhamiaji wa Marekani ndani ya uwanja. Ukipitia huko unakaguliwa kabla ya kupanda ndege, na New York unashuka kama uliyetoka jimbo jingine. Hata hivyo umbali wake ni wa Ghuba (tazama swali la Doha).

Angalia pia uwanja wa ndege yako inayofuata. New York huhudumiwa na JFK, LaGuardia na Newark, na kutoka JFK hadi Newark ni kuvuka jiji zima. Foleni ya magari ikikukuta, saa mbili zinaisha barabarani.

## Mwili ndani ya saa 15

Mzazi wangu mzee ataweza kukaa muda wote huo?

Wengi wanaweza, wakiandaliwa. Omba huduma ya kiti cha magurudumu unaponunua tiketi, hata kama anatembea vizuri nyumbani. JFK ina mwendo mrefu, na msaidizi wa kiti humsindikiza hadi uhamiaji na kwenye mizigo. Kwa asiyejua Kiingereza msaada huo una thamani kubwa kuliko kiti chenyewe.

Hatari ya damu kuganda miguuni huongezeka katika safari yoyote inayozidi saa 4, na hii inapita hapo mara tatu. Mchagulie kiti cha kando ya ujia ili ainuke bila kuomba ruhusa, anyooshe vifundo vya miguu, anywe maji. Aliyewahi kuganda damu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza.

Jambo moja la kutuliza moyo: hewa ndani ya Dreamliner husukumwa kufanana na kimo cha mita 1,800 hivi, si mbali na Nairobi yenyewe. Mkazi wa Nairobi hatahisi tofauti kubwa. Aliyetoka Mombasa au Tanga anaweza kuchoka mapema.

Dawa za kila siku nizinywe saa ngapi?

Swali hili lipelekwe kwa daktari au mfamasia kabla ya safari, na uende na hesabu hii mkononi: siku ya kwenda itakuwa na saa 31 au 32, na siku ya kurudi itakuwa na saa 16 au 17. Kwa mtumiaji wa insulini tofauti hiyo si ndogo. Kwa dawa nyingine huenda ukaambiwa ushikilie saa ya Nairobi hadi ufike, kisha usogeze polepole. Dawa zote ziwe kwenye mzigo wa mkononi, ndani ya vifungashio vyake, pamoja na cheti cha daktari.

Nina mimba. Naruhusiwa?

Kampuni nyingi huomba barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na nyingi hazikubali baada ya wiki ya 36. Hesabu wiki za siku ya kurudi pia.

Uchovu wa kubadili saa huchukua muda gani?

Kadirio linalokubalika ni siku moja kwa kila saa ya tofauti, kwa hiyo wiki moja hivi. Wengi huona kurudi Nairobi ni kugumu zaidi, maana mwili unalazimishwa kulala mapema. Ukifika New York alfajiri, kaa kwenye mwanga wa jua na ujitahidi usilale hadi jioni. Usiweke miadi ya hospitali, mahojiano au kazi ya kuendesha gari siku ya kwanza.

## Hali za pembeni

Sala na saumu nizihesabu kwa saa ya wapi?

Usiku wa kwenda ni wa ajabu kwa urefu, kwa sababu ndege inalikimbilia giza. Januari jua huzama Nairobi saa kumi na mbili na dakika 40 jioni, na jua linalofuata utaliona New York karibu 07:20 ya huko. Kati ya hayo mawili yamepita zaidi ya saa 20. Anayetafuta Alfajiri kwa saa yake ya mkononi iliyobaki Nairobi ataisali usiku mkubwa. Mara nyingi wakati wake huingia mkikaribia kutua au mmeshatua.

Kurudi ni kinyume. Ukiondoka JFK mchana wa baridi, Magharibi hukukuta baada ya saa mbili hadi tatu tu hewani, na Alfajiri nayo huja haraka. Masheikh wengi husema fuata jua unaloliona ulipo, si la mji ulioondoka wala unaokwenda. Msafiri ana ruhusa ya kukusanya na kupunguza sala, na ya kula Ramadhani kisha alipe. Ukifunga siku ya kurudi, usifungue kwa kuwa ardhi chini yako imeshaingia giza huku wewe bado unaliona jua dirishani.

Ndege ikigeuka au kutua mahali ambapo hapakupangwa?

Hutokea kwa sababu ya mgonjwa, hitilafu au hali ya hewa, na kwa njia hii yenye jangwa na bahari, rubani huwa amepanga viwanja vya dharura tangu mwanzo. Marubani huwa wanne, hupokezana, na sheria huweka kikomo cha saa zao za kazi. Kucheleweshwa kwa saa chache kukivuka kikomo hicho, safari hulala. Ndiyo maana ucheleweshaji mdogo unaweza kugeuka wa siku nzima. Weka chaja, dawa na nguo moja ya kubadili kwenye mkoba wa mkononi.

Ninampokea mgeni JFK. Nifike saa ngapi?

Fuatilia namba ya ndege kwenye simu, maana upepo huweza kuileta nusu saa mapema au kuichelewesha. Baada ya magurudumu kugusa ardhi, hesabu saa moja hadi mbili kabla hajatokea nje. Kwa anayempokea JKIA muda huwa mfupi zaidi, ila ndege mbili kubwa zikitua pamoja, mizigo huchelewa. Mpe mgeni namba yako ikiwa imeandikwa kwenye karatasi, kwa kuwa simu yake inaweza isishike mtandao ndani ya jengo.